Betri ya Moyo na Mshipa Usio wa Kawaida: Mwongozo kwa Wagonjwa na Ndugu wa Karagwe na Kyerwa

Mwongozo huu ni wako kama daktari ameshasema, au anaelekea kusema, kwamba moyo wako unahitaji pesimeka, kile kifaa ambacho wengi tunakiita betri ya moyo. Ni wako pia kama wewe ndiye ndugu utakayemsindikiza mgonjwa kutoka Kayanga, Nkwenda, Kaisho au Murongo. Kupandikiza ni kazi ya bingwa, hatutaigusa. Tunachotaka ni ujue mapema jambo moja ambalo mara nyingi hugundulika mgonjwa akiwa tayari amelala mezani na ganzi imeshashika: njia ambayo waya wa betri utapita.

Kwa nini uhangaike na mshipa

Betri yenyewe ni ndogo, gramu 20 hadi 30 hivi. Hukaa chini ya ngozi, kidogo chini ya mtulinga, na kwa kawaida huwekwa kushoto kwa kuwa watu wengi hutumia mkono wa kulia. Anayefanya kazi ni waya. Daktari hutoboa mshipa wa vena karibu na mtulinga, akausukuma waya huku akitazama picha ya eksirei kwenye skrini. Waya hukatiza kifua kutoka kushoto kwenda kulia, ukashuka kwenye mshipa mkuu wa juu, ukaingia chumba cha juu cha kulia cha moyo, ukapita kwenye vali na kukita ncha yake katika chumba cha chini cha kulia.

Hiyo ni ramani ya wengi, si ya wote. Kila mtoto akiwa tumboni huanza na mishipa mikuu ya juu miwili, wa kulia na wa kushoto. Karibu na wiki ya 8 ya mimba ule wa kushoto huanza kunywea hadi ukabaki kama uzi. Kwa watu kama 3 hadi 5 katika kila 1,000 haunywei. Kwa waliozaliwa na kasoro nyingine za moyo huonekana mara nyingi zaidi, hata kufikia 1 kati ya 10.

Mwenye mshipa huo anaweza kulima, kuzaa, kucheza mpira na kuzeeka bila kujua anao. Haukutokana na kurogwa, wala si kosa la mama yake. Kwa walio wengi damu yake humwagika salama upande wa kulia wa moyo, kupitia mfereji unaokusanya damu ya misuli ya moyo wenyewe, uitwao mfereji wa korona. Taabu huanza siku ya betri. Waya ulioingilia kushoto haukatizi kifua. Unashuka moja kwa moja upande wa kushoto wa uti wa mgongo, unazunguka nyuma ya moyo na kutokea chumba cha juu cha kulia ukiwa umeipa vali mgongo, mithili ya mgeni aliyeingia nyumbani kwa mlango wa jikoni na sasa anatafuta sebule gizani. Kuugeuza kunawezekana, lakini kunataka muda, ujuzi na vifaa vinavyofaa. Kazi ya saa moja inaweza kuwa ya saa tatu.

Kuna aina ya nadra iliyo mbaya zaidi, ambapo mshipa huo humwaga damu upande wa kushoto wa moyo. Waya ukikaa huko, damu inaweza kugandia juu yake na bonge likarushwa hadi kwenye ubongo, mtu akapooza. Ndiyo maana kujua mapema kuna thamani.

Kwanza: je, kweli ni moyo?

Mtu anayezimia ghafla huko kwetu hupewa majina mengi kabla ya moyo kutajwa: kifafa, presha ya kushuka, mkono wa mtu. Wapo waliokunywa dawa za kifafa miaka na miaka kumbe umeme wa moyo ndio unaokatika. Kuhesabu mapigo hakugharimu kitu:

1. Mgonjwa akae chini na kutulia dakika tano.
2. Weka vidole viwili (si dole gumba) kwenye kifundo cha mkono wake, chini ya dole gumba lake.
3. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwa sababu moyo wenye hitilafu hurukaruka.
4. Andika idadi, tarehe, saa na alichokuwa akifanya.
5. Rudia akiwa na kizunguzungu, au mara tu anapozinduka.

Mapigo ya kawaida ni 60 hadi 100 kwa dakika. Mkulima mwenye nguvu anaweza kuwa na 50 asiwe na shida yoyote. Chini ya 40 pamoja na kuzimia, kubanwa pumzi au uchovu wa ajabu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, iwe Nyakahanga, iwe Isingiro, kulingana na ulipo. Huko omba kipimo cha umeme wa moyo, ECG, na nakala ya karatasi yake uondoke nayo.

Kabla betri haijatajwa, mweleze daktari kila kinachoingia mwilini. Propranolol, atenolol, verapamil na digoxin hupunguza mapigo. Sumu za wadudu za jamii ya fosfeti huyapunguza vilevile, na kwenye mibuni na mahindi watu huzipuliza bila barakoa wala glovu. Mtu aliyeanguka jioni baada ya kupulizia shamba anahitaji tiba ya sumu, tena haraka. Betri si dawa yake. Mitishamba nayo itaje yote bila haya. Daktari atakayekukaripia kwa kusema ukweli ni tatizo lake mwenyewe.

Kipimo cha mapovu: kiombe kabla ya safari ndefu

Njia ya rufaa unaijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bukoba, kisha Bugando jijini Mwanza, ambayo ndiyo hospitali ya kanda ya Ziwa. Kutoka hapo wagonjwa wa betri huweza kupelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyopo Upanga, Dar es Salaam, inayojitegemea tangu 2015. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo hupandikiza. Wakazi wa Murongo walio jirani na Uganda husikia pia habari za taasisi ya moyo ya Mulago, Kampala.

Mahali fulani katika njia hiyo utapigwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Hapo ndipo pa kuuliza habari ya mshipa. Mpimaji mzoefu ataangalia upana wa mfereji wa korona, ambao kwa kawaida hauzidi sentimita moja hivi. Ukionekana umetanuka, huenda kuna mshipa mkuu wa kushoto unaomwagia damu humo. Huenda pia ni presha kubwa upande wa kulia wa moyo. Ili kutofautisha, hufanywa kipimo cha mapovu, hivi:

1. Nesi anaweka sindano ya dripu kwenye mkono wa kushoto.
2. Mabomba mawili ya sindano yanaunganishwa kwa kiungio cha njia tatu, ndani yake maji ya chumvi mililita 9 na hewa mililita 1.
3. Maji yanasukumwa huku na huku kwa kasi mpaka yawe kama maziwa mepesi, yamejaa mapovu madogomadogo.
4. Yanaingizwa kwenye mshipa kwa mkupuo, mpimaji akitazama skrini.
5. Mapovu yakitangulia chumba cha juu cha kulia, njia ni ya kawaida. Yakitangulia mfereji wa korona, mshipa wa kushoto upo. Yakitangulia upande wa kushoto wa moyo, ni ile aina ya nadra, na betri isisogezwe upande huo kabla bingwa hajaamua.
6. Mshipa wa kushoto ukipatikana, kipimo kirudiwe kwa mkono wa kulia. Mapovu ya mkono wa kulia yakipitia nayo mfereji wa korona, basi mshipa mkuu wa kulia haupo kabisa. Wenye hali hiyo ni wachache sana, na wao ndio wanaohitaji mpango maalumu.

Vifaa vyote hivi vipo katika hospitali yoyote yenye mashine ya eko. Kosa la kawaida ni nesi kutoboa mkono wa kulia kwa kuwa mishipa yake inaonekana vizuri. Kipimo kikifanyika kulia peke yake, mshipa wa kushoto utabaki umejificha, na karatasi itaandikwa kwamba kila kitu ni sawa.

> KISANDUKU: Namna ya kuuliza bila kugombana
>
> "Shikamoo daktari. Mama yetu tumeambiwa atawekewa betri. Tunaomba utuangalizie kama mfereji wa korona umetanuka, na kama ana mshipa mkuu wa juu upande wa kushoto."
>
> "Kama kipimo cha mapovu kitafanyika, tunaomba kianzie mkono wa kushoto."
>
> "Tunaomba jibu liandikwe kwenye karatasi ya eko, hata kama ni kwamba haupo."
>
> Daktari akisema hakuna haja, mwombe aandike hilo. Usibishane. Uliza tena hospitali inayofuata.

Uliza kwa msisitizo zaidi kama mgonjwa alizaliwa na tundu la moyo, kama aliambiwa moyo wake uko kulia, kama amewahi kusafishwa damu kwa mashine ya figo kupitia mpira wa shingoni au kifuani, au kama alishawekewa betri zamani. Hao wawili wa mwisho wanaweza kuwa walizaliwa na mishipa mizuri tu, lakini ikaziba kwa makovu. Kwao dawa ya rangi huingizwa mkononi na kupigwa picha kabla ya kukata ngozi.

Safari

Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, kwa hiyo mgonjwa wa Bugando hakai tena saa nyingi juani akisubiri pantoni. Hata hivyo, anayezimia mara kwa mara hafai kupakiwa basi la usiku na ndugu asiyejua la kufanya. Mwombe daktari aamue kama anahitaji gari la wagonjwa na muuguzi. Pengine atawekewa betri ya muda kwanza, ambayo waya wake huweza kupitishwa kwenye mshipa wa paja.

Beba hivi:

- ☐ Barua ya rufaa na nakala yake
- ☐ Karatasi halisi ya ECG, siyo maelezo yake peke yake
- ☐ Majibu ya eko, yakiwa na sentensi kuhusu mshipa
- ☐ Daftari la mapigo uliyoyahesabu
- ☐ Pakiti za dawa zote, hata zilizokwisha
- ☐ Kadi ya bima, na jibu la maandishi kuhusu inacholipia: kifaa, waya, upasuaji, kulala
- ☐ Kwa asiye na uwezo: barua ya mtendaji wa kijiji, ya kupeleka ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali

Mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, asiiache kwa uamuzi wake. Na kama hali si ya dharura, waombe manesi wasitoboetoboe mkono wa kushoto kila siku; mishipa yake itahitajika.

Mezani: daktari ana njia zipi

Utakuwa macho, eneo la kifua likiwa na ganzi. Ukisikia madaktari wanashauriana kwa muda mrefu huku waya ukirudishwa nyuma, usishtuke. Mara nyingi wanachagua moja ya hizi:

*Kuhamia kulia.* Wengi wenye mshipa wa kushoto wanao pia wa kulia, na huo ndio mlango rahisi. Ubaya wake ni kwamba betri itakaa upande wa mkono wa jembe. Kwangu mimi hilo ni dogo ukilinganisha na waya unaoyumba, lakini kama wewe ni fundi uashi au mkata miti, liseme kabla ya ganzi.

*Kuendelea kushoto.* Daktari hukunja kiongozi cha ndani ya waya kiwe na tao pana. Waya ukitoka kwenye mfereji wa korona, unaegemea ukuta wa chumba cha juu cha kulia, unajikunja na kuelekea kwenye vali. Hutumika waya wenye ncha ya skrubu inayojikaza kwenye nyama ya moyo, kwa sababu ule wa kujishikiza tu huchomoka kirahisi. Tegemea muda mrefu na eksirei nyingi.

*Kuuacha waya kwenye tawi la mfereji wa korona*, usukume chumba cha chini cha kushoto kutokea nje. Inafanya kazi vizuri, ila neva ya kiwambo cha pumzi iko jirani. Ukianza kupata kwikwi zisizokoma, au tumbo linarukaruka kwa kufuata mapigo, toa taarifa. Mara nyingi hurekebishwa kwa mashine bila kupasua tena.

*Kushona waya juu ya moyo.* Hii ni operesheni ya kifua chini ya usingizi kamili. Hufaa watoto wadogo, na watu wazima ambao mishipa yote imegoma.

*Betri isiyo na waya*, kidonge cha chuma kinachopandishwa kupitia mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Kinaikwepa mishipa ya juu yote. Bei yake bado ni ya kutisha, na mshipa wa chini nao lazima uwe wa kawaida.

Kama unachowekewa ni kifaa cha kushtua moyo, kinachozuia kifo cha ghafla, njia na maswali ni yaleyale. Waya wake ni mnene zaidi, basi.

Usiondoke bila karatasi hizi

Hapa ndipo ningependa uwe king'ang'anizi. Waliokupandikiza wako zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Omurushaka. Siku ukiugua, atakayekuona ni daktari wa zamu ambaye hajawahi kukuona. Akipiga eksirei akauona waya umepita kushoto na kuzunguka nyuma ya moyo, atadhani umechomoka. Mgonjwa anaweza kurushwa Mwanza bure, au akafungwa mkono asubiri operesheni asiyoihitaji.

- ☐ Kadi ya kifaa: kampuni, modeli, namba, tarehe. Kila kampuni ina mashine yake ya kusoma betri; bila jina, hakuna wa kukusomea.
- ☐ Idadi ya waya na aina ya ncha zake
- ☐ Sentensi iliyo wazi, kwa mfano: "Ana mshipa mkuu wa juu wa kushoto, waya umepitia mfereji wa korona, huu ndio mkao wake sahihi."
- ☐ Nakala ya eksirei ya baada ya upasuaji, ya mbele na ya ubavu
- ☐ Kama MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) inaruhusiwa au hapana

Piga picha zote kwa simu, zitume kwa ndugu wawili. Nakala ya eksirei ipelekwe kwenye faili lako Nyakahanga au Isingiro.

Omba pia ubaki karibu na hospitali mpaka kidonda kikaguliwe na waya uthibitishwe upya. Wiki za mwanzo ndizo za waya kuhama, na uliopita njia ndefu huhama zaidi. Ndani ya gari dogo, abiria wa mbele hukaa kushoto na mkanda humpita juu ya bega la kushoto, palepale penye kidonda. Kunja kanga uiweke katikati. Mkanda usiuvue.

Kurudi shambani

Kwa wiki 4 hadi 6 kiwiko cha upande wenye betri kisivuke usawa wa bega. Kwa mwanamke wa Kyerwa hiyo maana yake ni: hakuna kukata mkungu, hakuna kuvuta matawi ya mibuni wakati wa kuchuma, hakuna dumu la lita 20 kichwani, hakuna kutwanga. Kwa mwanamume ni hivyohivyo, na kuendesha bodaboda asubiri ruhusa. Familia ipange zamu kabla hajarudi, maana akirudi akaona migomba imeelemewa na magugu, atashika jembe.

Lakini bega lisifungwe kanga mwezi mzima. Litaganda, na kulifungua ni maumivu kuliko operesheni. Likunjwe na kuzungushwa taratibu kila siku chini ya mpaka uliotajwa.

Simu iwekwe mfuko wa suruali, siyo wa shati; umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye betri unatosha. Spika kubwa za muziki nazo zina sumaku, usizikumbatie. Msumeno wa mnyororo ukiwa unanguruma uwe umbali wa sentimita 30 au zaidi, na mashine ya kuchomelea vyuma sentimita 60 au zaidi. Redio, taa za sola, pasi na televisheni havina neno.

> KISANDUKU: Makosa yanayorudiwa
>
> Kutoboa uvimbe. Pakivimba juu ya betri, asitobolewe mtu kwa sindano wala wembe, hata zahanati. Si jipu. Sindano huingiza vijidudu na inaweza kuchana waya.
>
> Chale juu ya kifaa, au kukandwa kwa majani ya moto. Usiruhusu.
>
> Kukizungusha kwa vidole. Kuna wanaokichezea bila kujua hadi waya ukajisokota na kuchomoka.
>
> Kuacha dawa za presha kwa kudhani betri inatibu kila kitu. Betri hulinda mapigo yasishuke tu.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona:

- kuzimia au kizunguzungu kilekile cha zamani, au mapigo chini ya idadi iliyoandikwa kwenye kadi
- usaha, wekundu, homa, au ngozi juu ya betri imekuwa nyembamba na kung'aa
- mkono wa upande wa betri kuvimba, dalili ya mshipa kuziba
- kwikwi za mfululizo
- kupooza upande mmoja, mdomo kupinda au kushindwa kusema

Kliniki, na betri ya pili

Ukaguzi wa kwanza huwa ndani ya wiki au miezi michache, kisha kila miezi 6 hadi 12. Watu hukata safari za kliniki kwa sababu wanajisikia wazima, na nauli ya Dar haiokotwi. Uliza Bugando kama wanayo mashine ya kusoma kifaa cha kampuni yako. Ikiwepo, nusu ya safari imekwisha.

Betri nyingi hudumu miaka 8 hadi 12. Inapokwisha hubadilishwa kasha peke yake, na waya wa zamani huunganishwa na betri mpya kama bado ni mzima. Kwa mwenye mshipa usio wa kawaida hiyo ni nafuu kubwa, kwa kuwa njia ngumu haipitiwi tena. Ila waya ukiwa umechoka na mwingine ukaongezwa, ule wa kwanza unaweza kuachwa ndani umezibwa ncha. Hilo nalo liandikwe kwenye kadi mpya: upo wapi, tangu mwaka gani, na kwamba hautumiki.